Sita imeenda wapi? Mwongozo wa kutafuta vigawo vya mitajo miwili

Juni hapa Mafinga, jua likishazama hakuna anayekaa sebuleni. Wote tunahamia jikoni. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili, alikuja likizo na daftari lake la hesabu, tukakaa karibu na jiko la mkaa. Mimi namenya viazi, yeye anapambana na swali moja la kutafuta vigawo lililoandikwa juu ya ukurasa:

6x² − 54

Baada ya muda akanisogezea daftari. Jibu lake lilikuwa (x − 3)(x + 3). "Mama mdogo, nimepata?"

Nikamwambia, "Mahali penye x weka 10, swali na jibu vyote viwili, halafu uniambie." Akaanza na swali: 10 mara 10 ni 100, mara 6 ni 600, toa 54, zimebaki 546. Akaenda kwenye jibu: 7 mara 13 ni 91. Akaziangalia zile namba mbili, 546 na 91, akafuta, akarudia, zikatoka vilevile. Kisha akauliza swali ambalo mwanafunzi akiuliza mwenyewe mwalimu anafurahi siku nzima: "Sasa ile sita imeenda wapi?"

Nitarudi kwenye ile sita. Kwanza niseme kwa nini nimeandika haya kwa Kiswahili. Nimefundisha hesabu kwa miaka mingi, na ninachokiona kila mwaka ni kwamba mtoto anatoka shule ya msingi akiwa anajua vigawo vizuri kabisa. Anajua namba tasa, anajua KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na KDS (kigawe kidogo cha shirika), anaweza kukuvunjia 60 kuwa 2 × 2 × 3 × 5 bila kusita. Anaingia kidato cha kwanza, lugha inageuka kuwa Kiingereza, na jambo lilelile linamjia kwa jina jipya. Wenzake wanasema "kufaktoraizi", naye anadhani ni kitu kigeni ambacho hajawahi kukiona. Anakikariri badala ya kukitambua. Kazi yangu hapa ni kumwonyesha kwamba tayari amekishika mkononi.

Maneno ya kushika kabla ya kuanza

Mtajo ni kipande kimoja cha usemi wa aljebra, kinachotenganishwa na kingine kwa alama ya kujumlisha au ya kutoa. 5x ni mtajo mmoja. 7xy nao ni mtajo mmoja, kwa sababu ndani yake kuna kuzidisha tu. Lakini 5x + 20 ni mitajo miwili, na 6x² − 54 pia ni mitajo miwili. Usemi wa namna hii ndio unaoitwa binomia.

Kigawo ni kilekile cha darasani kwenu kwa zamani. 3 ni kigawo cha 12 kwa kuwa 12 = 3 × 4. Kutafuta vigawo vya usemi ni kuuandika upya uwe kuzidisha, badala ya kujumlisha au kutoa. Utajuaje kama umefika? Tumia MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Jiulize: nikipewa thamani ya x, kitendo cha mwisho kabisa nitakachofanya ni kipi? Katika x² − 9, cha mwisho ni kutoa. Katika (x − 3)(x + 3), unamaliza mabano kwanza, halafu cha mwisho ni kuzidisha. Hapo umefika. Mtu akikuandikia x(x) − 9 akasema amemaliza, hajamaliza, maana kitendo cha mwisho bado ni kutoa.

Andika nyuma ya daftari safu hizi mbili za namba, uzizoee mpaka zikutoke bila kufikiri. Za kipeo cha pili: 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64, 81, 100, 121, 144, 169, 196, 225. Za kipeo cha tatu: 1, 8, 27, 64, 125, 216, 343, 512, 729, 1000. Ona kwamba 1 na 64 na 729 zimo kwenye dunia zote mbili (729 ni 27 × 27). Itakuja kutusaidia.

Hatua ya kwanza: toa KKS nje

Hii haina msamaha. Kabla hujaangalia kitu kingine chochote, uliza kama ile mitajo miwili ina kigawo cha shirika.

Ukipita Ilula, kwenye barabara kuu ya kutoka Morogoro kuja Iringa, utaziona nyanya zimepangwa kwa matenga. Tuseme kila tenga lina nyanya x, hatujui ni ngapi. Mbele yako kuna matenga 12 na nyanya 18 za juu zisizo na tenga. Jumla ya nyanya ni 12x + 18. Watu 6 wanataka kugawana sawa. Kila mmoja atachukua matenga 2 na nyanya 3. Basi mzigo wote ni mafungu 6, kila fungu likiwa matenga 2 na nyanya 3:

12x + 18 = 6(2x + 3)

Umeshatafuta vigawo. Hukujua idadi ya nyanya ndani ya tenga na hukuihitaji.

Kukiwa na vipeo, fanya kwa mpangilio: kwanza KKS ya namba, kisha herufi, ukichukua kipeo kilicho kidogo. Mfano 15x³ − 10x². KKS ya 15 na 10 ni 5. Mtajo wa kwanza una x tatu, wa pili una x mbili. Zilizo za pamoja ni mbili tu. Kwa hiyo kinachotoka nje ni 5x²:

15x³ − 10x² = 5x²(3x − 2)

Kosa linalorudi kila mtihani ni hili: 7x + 7 mwanafunzi anaandika 7(x). Anasema saba imetoka, kwa hiyo kwenye mtajo wa pili hakuna kilichobaki. Kimebaki. 7 ukiigawa kwa 7 unapata 1, si sifuri. Jibu ni 7(x + 1). Ni vivyo hivyo kwa 8x² + x, ambayo inakuwa x(8x + 1). Ndani ya mabano lazima kuwe na mitajo mingi kama ile uliyoanza nayo. Ilikuwa miwili, ibaki miwili.

Mtajo wa kwanza ukianza na alama ya kutoa, toa nje pamoja na ile alama, na alama ya mtajo wa pili itageuka: −3x + 12 = −3(x − 4). Na mara nyingine kigawo cha shirika ni mabano mazima. Katika x(a + b) + 3(a + b) kuna mitajo miwili, na yote inabeba (a + b). Itoe nje kama ungetoa 5: (a + b)(x + 3).

Hatua ya pili: alama ya kati ikiwa ya kutoa, tafuta vipeo vya pili

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo nitakapokaa zaidi. Kanuni yenyewe ni fupi:

a² − b² = (a − b)(a + b)

Mtoto akikaririshwa hii anaisahau kabla ya Krismasi. Kwa hiyo usiku ule nilimwambia achukue boksi tupu la sabuni, rula na mkasi. Akakata mraba wa kadibodi wenye upande wa sentimita 10. Eneo lake 100. Kwenye kona moja akachora mraba mdogo wa sentimita 4, eneo 16, akaukata na kuutupa. Kilichobaki kina umbo la herufi L, na eneo lake ni 100 − 16, yaani 84.

Sasa ile L aikate mara moja, mkato wa moja kwa moja unaoendeleza ukingo mmoja wa kona iliyokatwa mpaka upande wa pili. Anapata vipande viwili vya mstatili. Kirefu kina sentimita 10 kwa 6. Kifupi kina 4 kwa 6. Vyote viwili vina upana wa 6, kwa kuwa 6 ndiyo 10 − 4. Akaviunganisha kwa ule upande wa 6, akapata mstatili mmoja mrefu: upana 6, urefu 10 + 4, yaani 14. Na 6 × 14 ni 84.

Hakuna kadibodi iliyopotea wala iliyoongezeka. 10² − 4² na (10 − 4)(10 + 4) ni kipande kilekile kilichopangwa kwa namna mbili. Alikipanga na kukipangua mara tatu au nne pale sakafuni, na tangu siku ile sijamwona akisahau kwa nini mabano moja lina kutoa na jingine lina kujumlisha. Fanya kwa mikono yako. Usiishie kusoma.

Kwa aljebra, sababu ni kwamba mitajo ya kati inafutana. Zidisha (a − b)(a + b): a mara a ni a², a mara b ni +ab, −b mara a ni −ab, −b mara b ni −b². Ile +ab na −ab zinaondoana.

Ili kanuni hii ifanye kazi masharti ni matatu, na yote yatimie. Alama ya kati iwe ya kutoa. Namba zote mbili ziwe na kipeuo cha pili kilicho namba nzima. Na kila herufi iwe na kipeo shufwa: 2, 4, 6 na kuendelea. Ukiona kipeo witiri, kama x³ − 25, si hapa.

x² − 49 = (x − 7)(x + 7)

25x² − 16y² = (5x − 4y)(5x + 4y)

9x² − 1 = (3x − 1)(3x + 1)

Huo wa tatu unawapita wengi kwa sababu hawaioni 1 kama namba ya kipeo cha pili. Nayo x⁶ − 81 ni (x³ − 9)(x³ + 9): kipeuo cha pili cha x⁶ ni x³, unagawa kipeo kwa mbili. Wapo wanaoandika x⁴ wakifikiri wanatoa 2. Hakikisha: x³ mara x³, vipeo vinajumlishwa, 3 na 3 ni 6.

Sasa turudi kwenye sita ya binti yangu. 6 si namba ya kipeo cha pili, wala 54 si ya kipeo cha pili. Ukiangalia haraka utasema swali halivunjiki. Lakini ukiheshimu hatua ya kwanza, KKS inatoka:

6x² − 54 = 6(x² − 9) = 6(x − 3)(x + 3)

Ile sita inabaki mbele, haiendi popote. Weka 10: 6 × 7 × 13 = 546. Imekubali.

Ndugu yake ni 50x² − 72. Toa 2: 2(25x² − 36), na jibu ni 2(5x − 6)(5x + 6).

Ukishavunja mara moja, yaangalie tena mabano uliyopata. Huenda moja bado linavunjika:

x⁴ − 16 = (x² − 4)(x² + 4) = (x − 2)(x + 2)(x² + 4)

Na a au b si lazima iwe kitu kidogo. Katika (x + 5)² − 9, a ni x + 5 yote, b ni 3. Kwa hiyo (x + 5 − 3)(x + 5 + 3), yaani (x + 2)(x + 8).

Na x² − 7 je? Kwa namba nzima hauvunjiki, kwa kuwa 7 haina kipeuo cha pili kilicho namba nzima. Mwalimu akiruhusu alama ya kipeuo unaweza kuandika (x − √7)(x + √7). Soma swali linataka nini.

Mtu akiniuliza kanuni hii ya kazi gani, ninampa mambo mawili. La kwanza ni kuzidisha kichwani. 48 × 52 inaonekana ngumu, lakini namba zote mbili ziko mbali na 50 kwa 2: ni (50 − 2)(50 + 2), yaani 2500 − 4, ambayo ni 2496. Anayenunua magunia 52 ya viazi kwa shilingi 48,000 kila moja anaweza kupata 2,496,000 akiwa amesimama sokoni, simu ikiwa mfukoni. La pili ni la mafundi. Kalavati ya zege ni duara kubwa lililotolewa duara dogo katikati. Nusu kipenyo cha nje kikiwa sentimita 50 na cha ndani 45, eneo la mdomo wa zege ni pai mara 50² − 45². Badala ya kutafuta 2500 na 2025, sema 5 × 95, ni 475. Zidisha kwa 3.14, unapata sentimita za mraba 1,491.5. Angalia ule 5: ndio unene wa ukuta wa kalavati. Kanuni imekuonyesha kitu halisi kilicho mbele yako.

Na kwa wanaopenda namba tupu: Pierre de Fermat wa Ufaransa, mwaka 1643, aliitumia njia hii kuvunja namba 2,027,651,281. Aliona ni 45041² − 1020², kwa hiyo ni 44021 × 46061. Jaribu kwa kidogo: 3599 ni namba tasa? Iko pungufu ya 3600 kwa 1. Ni 60² − 1², basi ni 59 × 61.

Hatua ya tatu: alama ya kujumlisha kati ya vipeo vya pili, simama

Usiku wa pili swali lilikuwa hili: "Mama mdogo, x² + 9 mbona haitoki?"

Haitoki kwa sababu haipo. Jaribu zote. (x + 3)(x + 3) inakupa x² + 6x + 9. (x − 3)(x − 3) inakupa x² − 6x + 9. (x + 3)(x − 3) inakupa x² − 9. Hakuna hata moja. Lakini kujaribu tatu si kuthibitisha, kwa hiyo nilimpa sababu kamili. Kama x² + 9 ingevunjika, ingekuwa na kigawo cha namna ya (x − k). Ukiweka x sawa na k, mabano hayo yanakuwa sifuri, na usemi wote unakuwa sifuri. Lakini x² haiwi hasi hata siku moja. Kiasi kidogo kabisa ni 0. Kwa hiyo x² + 9 haishuki chini ya 9. Haifiki sifuri, basi kigawo hicho hakipo.

Andika "haivunjiki" na usonge mbele. Hilo ni jibu kamili na linapata alama. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi niliandika (x + 5)(x + 5) kwa x² + 25 kwa sababu nilidhani kila swali lazima livunjike, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kuna yasiyovunjika.

Bado KKS inaweza kutoka: 4x² + 36 = 4(x² + 9). Unaishia hapo.

Wapo wachache wanaovunjika kwa mlango wa nyuma, nao ni wa vipeo vikubwa. Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa aliyezaliwa 1776, jina lake limebaki kwenye huu:

x⁴ + 4 = (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2)

Ujanja ni kuongeza 4x² na kuitoa hapohapo: (x⁴ + 4x² + 4) − 4x², yaani (x² + 2)² − (2x)², na umerudi hatua ya pili. Kidato cha pili hawatakuuliza. Nimeuweka kwa ajili ya yule anayependa.

Hatua ya nne: vipeo vya tatu

Hapa hata alama ya kujumlisha inakubali.

a³ − b³ = (a − b)(a² + ab + b²)

a³ + b³ = (a + b)(a² − ab + b²)

Alama zishike kwa maneno matatu: sawa, kinyume, jumlisha. Alama ya mabano ya kwanza ni sawa na ya swali, inayofuata ni kinyume chake, ya mwisho ni ya kujumlisha siku zote. Na mtajo wa kati ni ab, si 2ab. Hili ndilo kosa kubwa la hapa, kwa sababu mkono umezoea 2ab ya kipeo cha pili.

Chukua x³ + 27. a ni x, b ni 3:

x³ + 27 = (x + 3)(x² − 3x + 9)

Zidisha uone yanavyoondoka: x³ − 3x² + 9x, halafu + 3x² − 9x + 27. Ya kati yote yanafutana jozi kwa jozi, inabaki x³ + 27.

8x³ − 125 ina a = 2x na b = 5, basi ni (2x − 5)(4x² + 10x + 25). Angalia a² ni 4x², si 2x². Ukiinua 2x kwenye kipeo cha pili, 2 nayo inainuka. Na 16x³ + 54? Hatua ya kwanza kwanza: 2(8x³ + 27), kisha 2(2x + 3)(4x² − 6x + 9). Yale mabano makubwa ya mitajo mitatu usihangaike kuyavunja tena: ikiwa KKS ulishaitoa, na a na b ni za namna hii, x na namba, hayavunjiki.

Nilisema 64 imo kwenye safu zote mbili. x⁶ − 64 unaweza kuianza kwa vipeo vya pili au vya tatu. Anza na vya pili:

x⁶ − 64 = (x³ − 8)(x³ + 8) = (x − 2)(x² + 2x + 4)(x + 2)(x² − 2x + 4)

Ukianza na vya tatu utapata (x² − 4)(x⁴ + 4x² + 16), na hayo mabano ya pili yanaficha vigawo viwili ambavyo ni vigumu kuviona.

Hatua ya tano: kagua kwa 10

Zidisha mabano yote mpaka urudi kwenye swali; huo ndio uthibitisho. Kama muda ni mdogo, weka x = 10 kwenye swali na kwenye jibu. Zikitofautiana, jibu lina kosa, hakuna mjadala. Zikilingana, uko karibu sana na uhakika. Usitumie 0 wala 1 kukagua: 0 inaficha mitajo, na 1 inaficha vipeo, maana 1² na 1³ ni kitu kimoja.

Hii ya 10 hata mzazi ambaye hakufika sekondari anaweza kuisimamia. Mwambie mtoto akuhesabie pande zote mbili kwa sauti, wewe sikiliza kama namba zinafanana.

Sasa jibu la ile sita

Nilitaka kujua ilipotelea wapi, kwa hiyo nikamwuliza alifanyaje. Akasema, "Niligawa kwa sita." Nikamwuliza nani alimfundisha, akanifungulia kurasa za nyuma. Pale palikuwa na milinganyo: 6x² − 54 = 0, gawa pande zote kwa 6, x² − 9 = 0, (x − 3)(x + 3) = 0, basi x ni 3 au −3. Yote sahihi. Kwenye mlinganyo kuna pande mbili, na ukizigawa zote kwa 6 mizani haiinami. 0 ukiigawa kwa 6 inabaki 0. Lakini usemi peke yake hauna upande wa pili. Ukiugawa kwa 6 umeubadilisha, umechukua fungu moja katika sita ukaita mzigo wote. Kwa hiyo tazama kama kuna alama ya sawasawa kwenye swali. Ipo, gawa. Haipo, iache sita mbele.

Fanya haya bila kuangalia chini:

1. 14x + 35
2. 9x³ − 6x
3. 81 − y²
4. 3x² − 75
5. x² + 64
6. 5x³ + 40
7. (x − 1)² − 36
8. 16x⁴ − 1

Majibu: la 1 ni 7(2x + 5). La 2 ni 3x(3x² − 2). La 3 ni (9 − y)(9 + y), na usigeuze mpangilio. La 4 ni 3(x − 5)(x + 5). La 5 halivunjiki. La 6 ni 5(x + 2)(x² − 2x + 4). Kwa 10 pande zote zinatoa 5,040. La 7 ni (x − 7)(x + 5).

La 8 wengi wanaishia (4x² − 1)(4x² + 1). Bado moja: (2x − 1)(2x + 1)(4x² + 1). Likague kwa 10. Swali linatoa 159,999. Jibu ni 19 × 21 × 401. Usichukue kikokotoo: 19 × 21 ni 20² − 1, yaani 399, na 399 × 401 ni 400² − 1.